Kuta Zinatoka Jasho: Siku Yangu Foshan, na Jibu kwa Wanaoniomba Kazi China

Hamjambo ndugu zangu? Wakubwa zangu, shikamooni. Kabla sijasema lolote, ngoja nigeuze kamera muone. Huu ni ukuta wa jikoni kwangu hapa Foshan, kusini mwa China. Hakuna bomba lililopasuka wala paa linalovuja, niko ghorofa ya nne na juu yangu wanaishi watu. Napitisha kidole hivi... mnaona? Maji yanateremka. Na sakafu hii nimepiga deki saa moja tu iliyopita, tazameni ilivyolowa tena.

Wenyeji wanaita huinantian. Kati ya Februari na Aprili, upepo wa joto wenye unyevu unapanda kutoka bahari ya kusini, unakutana na kuta ambazo bado zina baridi ya miezi iliyopita, basi maji yanajikusanya kama kwenye chupa ya soda uliyoitoa kwenye friji. Mimi mtoto wa Tanga, unyevu wa pwani nimezaliwa nao, lakini haya sikuwahi kuyaona. Msimu wangu wa kwanza nilifanya kama nyumbani, nikafungua madirisha yote hewa ipite. Siku ya tatu viatu vya ngozi vimeota koga, na begi aliloninunulia mama limeingia madoa meusi ambayo hayajatoka mpaka leo.

Mwenye nyumba wangu ni mama mtu mzima, namwita a-yi, kama sisi tunavyomwita mtu mama mdogo hata kama si ndugu. Anaongea Kikantoni, lugha ya huku kusini, zaidi kuliko kile Kichina nilichosoma mimi mji wa Wuhan, kwa hiyo mengi tunaelewana kwa mikono. Siku ile alipanda ngazi, akayafunga madirisha mwenyewe, moja baada ya jingine, kisha akachukua kitambaa kikavu akaanza kufuta ukuta wangu. Nikamwambia a-yi acha, nitafanya mimi. Hakuacha. Jioni akarudi na bakuli la supu, akauliza neno ambalo hapa ni salamu kabisa: umeshakula? Tangu siku hiyo sijajihisi mpangaji katika nyumba hii.

Sasa, unyevu huu unahusu kazi yangu moja kwa moja, na ndiyo maana nimeanza nao. Wengi mnaniuliza nafanya nini hasa huku. Mimi ni mkaguzi wa mizigo. Mfanyabiashara wa Dar au wa Mwanza anaagiza marumaru, analipa sehemu ya fedha, na kabla hajamalizia deni mimi naenda kiwandani kuangalia kama alichoagiza ndicho kitakachopakiwa. Foshan ni mji wa udongo na moto tangu zamani. Pale Shiwan kuna tanuri la vyungu linaitwa Nanfeng, limewashwa tangu enzi za wafalme wa Ming, zaidi ya miaka 500, na bado linachoma.

Leo asubuhi nilikuwa na mzigo wa marumaru za sentimita 60 kwa 60, nyeupe zenye mistari ya kijivu. Naomba mnifuate hapa taratibu, kwa sababu hata wewe unayenunua dukani Buguruni unaweza kujikagulia hivi.

Kwanza sikubali boksi ninalopewa mkononi. Nachagua mwenyewe, moja la chini, moja la katikati, moja la nyuma kabisa. Natoa marumaru mbili, nazigusisha uso kwa uso, naziangalia kwa ubavu kwenye mwanga. Zikiwa zimenyooka huoni kitu. Zikiwa zimepinda unaona upenyo katikati au pembeni, na hizo fundi hata awe hodari namna gani, kona moja itakaa juu na nyingine chini. Halafu napanga vipande tisa sakafuni kutoka maboksi tofauti, narudi nyuma hatua nne, nasimama.

Leo niliposimama, vipande viwili vilikuwa vyeupe kuliko wenzake. Kidogo sana. Msimamizi wa stoo aliinama, akaviangalia, akasema ni mwanga tu. Nikamwomba tuvihamishe karibu na mlango. Bado. Ukisoma ubavuni mwa boksi kuna namba ya toni ya rangi, na zile zilikuwa na namba nyingine kabisa, yaani zimechomwa siku nyingine. Tukahesabu: maboksi 60. Na kwa sababu ya hali hii ya hewa, mengine yalikuwa yamelainika chini, ukibonyeza karatasi inazama. Boksi la namna hiyo likipangwa chini kwenye kontena, kona zinavunjika njiani.

Tukaitwa ofisini. Huku kusini mazungumzo hayaanzi bila chai, vikombe vidogo kama vya kahawa yetu, inamiminwa, unakunywa, inamiminwa tena. Nilikunywa vikombe saba. Walisema tofauti ni ndogo, mteja hataona. Mimi nilikuwa namfikiria mtu ambaye sijui hata jina lake, amejinyima miaka mitatu kajenga Mbagala, siku ya kuweka marumaru sebuleni kaita na majirani, halafu katikati ya sebule kunatokea kiraka cheupe. Atamlaumu fundi. Fundi hatalipwa. Nikasema hapana, maboksi hayo yabadilishwe au saini yangu haiwekwi. Wakakubali, na niwashukuru kwa hilo, maana wapo wasiokubali.

Niseme na hili haraka, kwa wanaopokea mizigo: marumaru zinakuja kwenye kontena la futi 20, na ukifungua utaona nafasi kubwa tupu juu. Hujaibiwa. Uzito ndio unaojaa kwanza, kabla ya nafasi.

Basi nimetoka kiwandani nimechoka, nafungua simu, ujumbe 14. Kumi na moja kati yake: "Dada, nitafutie kazi China." Mmoja ameandika ameshauza pikipiki yake, kuna mtu anamtafutia viza ya biashara, atapata kazi akishafika. Kaka, kama unanisikiliza, tafadhali usimpe huyo mtu hela. Nakuomba kama dada yako.

Nasema hivi kwa sababu yalinipata. Mara ya kwanza kurudi huku kikazi, kampuni moja iliniandikia niingie kwa viza ya biashara, kibali cha kazi watakishughulikia nikiwa ndani. Nilikuwa nimesoma China, lugha naijua, nikaamini. Wiki zikapita, kila nikiuliza naambiwa wiki ijayo. Usiku nilikuwa nakaa kitandani na pasipoti, nahesabu siku zilizobaki kwa kidole kwenye kalenda. Polisi akipita mtaani napunguza mwendo ingawa sijafanya kosa lolote la kuogopa, au ndivyo nilivyojiambia, maana kufanya kazi bila kibali ndilo kosa lenyewe. Zilipobaki siku tisa nilikata tiketi kwa akiba yangu nikarudi Tanga. Watu walisema kashindwa. Baba mdogo pekee ndiye aliyeniambia, "Umerudi na pasipoti safi, utakwenda tena."

Na kweli nilikwenda tena. Sikilizeni njia ilivyo. Mwajiri ndiye anayeanza: anaomba barua ya kibali cha kazi huku kwao, kwa kutumia vyeti vyako. Kwa kazi za kawaida za kitaalamu wanataka shahada na uzoefu wa miaka 2, hati ya polisi kwamba huna rekodi ya uhalifu, na vipimo vya afya. Barua ikitoka, unaipeleka ubalozini unapewa viza ya Z, yaani ya kazi. Hiyo herufi ndiyo ya kuangalia. Ukishaingia, una siku 30 za kuomba kibali cha ukaazi. Na popote utakapolala, kama si hotelini, unajiandikisha polisi ndani ya saa 24. Mimi a-yi ndiye aliyenisindikiza.

Ukikiuka, sheria iko wazi. Kufanya kazi bila kibali faini ni yuani, fedha ya huku, 5,000 hadi 20,000, na kosa likiwa zito unawekwa ndani siku 5 hadi 15. Kuzidisha siku za viza unaweza kutozwa yuani 500 kwa kila siku, mpaka zifike 10,000. Ukifukuzwa nchini unaweza kuzuiwa kurudi kwa miaka kadhaa. Wadogo zangu mnaosoma huku, viza ya masomo si ya kazi, hata ya kufundisha watoto Kiingereza wikiendi. Na hata mwenye kibali kama mimi, kibali kimefungwa kwa mwajiri mmoja. Siwezi kuamka kesho nikahamia kwa jirani.

Siwakatishi tamaa. Napapenda hapa. Napenda asubuhi ninapopita kwa yule bibi muuza mboga, ana msimbo wa malipo umening'inizwa kwenye mwavuli, unaskani kwa simu umemaliza. Sisi tuliokua na M-Pesa hatukushangaa sana. Napenda mgahawa wa tambi wa Waislamu kule kona ya pili, una bango la kijani, nakula bila wasiwasi, na mwenyewe akiniona anazidisha pilipili bila kuulizwa.

Kigumu ni saa. Tumewatangulia saa tano. Mama akishaswali isha na kutulia, anataka maongezi, na huku ni saa saba za usiku. WhatsApp haifunguki hapa kwa njia ya kawaida, kwa hiyo mwaka jana nilimfundisha kutumia WeChat, programu ya ujumbe ya Wachina, mdogo wangu akimshikia simu. Siku hizi anarekodi sauti anazituma usiku, mimi nazisikiliza alfajiri nikiwa kwenye treni. Leo aliniambia mwembe wa uani umeanza kupukutisha majani na kwamba ameota niko jikoni kwake. Sauti nzima dakika mbili, na nyuma nasikia jogoo wa jirani. Nilirudia mara tatu kabla ya kushuka kituoni.

Haya. Kesho saa mbili asubuhi kiwanda kinaleta yale maboksi 60 mapya na lazima niwepo yanapofunguliwa. Viatu vyangu vya kazi hivi hapa, nimevijaza magazeti ndani, labda vitakauka.