Farasi Walikuwa wa Nani? Mhadhara juu ya Kikosi cha 8 cha Wapanda Farasi wa Texas, 1861–1865

Ndugu Mwenyekiti, walimu wenzangu, na ninyi wanafunzi mliokubali kuketi hadi saa hizi za jioni, nawashukuru. Nimeombwa nizungumzie utumishi wa kivita wa Kikosi cha 8 cha Wapanda Farasi wa Texas, kilichojulikana zaidi kwa jina la Terry's Texas Rangers, katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani. Sitaeleza vita hivyo vilianzaje wala ni majimbo gani yaliyojitenga, kwa kuwa hayo mmekwisha kuyasoma. Nitaanza na swali ambalo huliuliza kila ninapopewa nafasi ya kulizungumzia jambo hili, na ambalo wasimulizi wengi wa kikosi hiki hulipita mbio ili wawahi kufika kwenye mashambulizi: farasi walikuwa wa nani?

Jeshi la Kaskazini lilinunua farasi kwa fedha za serikali na kumkabidhi askari. Farasi akifa, serikali ilitafuta mwingine, na kuanzia mwaka 1863 ilikuwa na idara nzima ya kazi hiyo pamoja na bohari kubwa la farasi la Giesboro, jijini Washington. Shirikisho la Kusini halikufanya hivyo. Huko askari alikuja na farasi wake kutoka nyumbani, naye farasi akathaminiwa na bei yake kuandikwa daftarini. Serikali ilimlipa mwenyewe senti 40 kwa siku kwa kumtumia, ambazo kwa mwezi ni dola 12 hivi, yaani karibu sawa na mshahara wa askari huyo. Farasi akiuawa vitani, mwenyewe alilipwa ile bei iliyoandikwa. Lakini akifa kwa ugonjwa, akianguka kwa uchovu, akivunjika mguu katika matope ya Tennessee au akiibwa usiku, hasara ilikuwa ya askari peke yake. Asipopata farasi mwingine kwa muda aliopewa, alihamishiwa kwa askari wa miguu.

Yatafakarini masharti hayo kwa utulivu, kwa sababu ndani yake mna historia yote ya kikosi hiki, utukufu wake na kusambaratika kwake. Mtu aliyeweza kufika Houston mnamo Septemba 1861, kikosi kilipoandikishwa, akiwa na matandiko yake, bastola moja au mbili na bunduki ya marisawa yenye mitutu miwili, hakuwa mtu wa chini kabisa. Zaidi ya vijana 1,000 walijiandikisha katika kombania kumi, wengi wao watoto wa wenye mashamba, wanasheria, wafugaji na wafanyabiashara. Baadhi yao walikuja na watumwa wa kuwapikia, kuwafulia na kuwa masaisi wa farasi wao. Katika simulizi za ushujaa utasikia farasi alivyoruka ua, lakini hutasikia aliyemkwangua matope usiku ule wala aliyeamka kabla ya alfajiri kumtafutia mahindi.

Na farasi hula. Kanuni za jeshi la Marekani la wakati huo zilimpangia farasi mmoja ratili 14 za majani makavu na ratili 12 za nafaka kwa siku, jumla yake kama kilo 12. Kikosi chenye farasi 1,000 kilihitaji basi tani 12 hivi za chakula kila siku, jua liwake mvua inyeshe, wapigane au wasipigane. Anayeniambia kwamba wapanda farasi wa Kusini walikuwa wepesi kama upepo na hawakubeba mizigo, namwuliza: tani hizo 12 zilitoka wapi? Zilitoka kwenye ghala la mkulima aliyekuwa karibu, na kama mkulima huyo alikuwa mtu wa Kusini aliyewaombea askari hao ushindi, hilo halikulinusuru ghala lake.

Sasa tuje kwa mtu ambaye kikosi kimebeba jina lake. Benjamin Franklin Terry alikuwa na shamba kubwa la miwa lililoitwa Oakland, katika wilaya ya Fort Bend, mahali ambapo leo ni mji wa Sugar Land. Miwa ile ilipandwa, ikakatwa na kusagwa na watumwa. Mwanzoni mwa 1861 alikuwa mjumbe wa mkutano uliolitoa jimbo la Texas katika Muungano, pamoja na Thomas Lubbock na John Wharton, ambao wote wawili walikuja kukiongoza kikosi hiki baada yake. Tamko la sababu za kujitenga, ambalo mkutano huo ulilitoa tarehe 2 Februari 1861, linasema waziwazi kwamba serikali zao ziliundwa na watu weupe kwa ajili yao na vizazi vyao, na kwamba Mwafrika ni kiumbe duni na tegemezi. Hayo waliyaandika wenyewe, na ukitaka kujua walipigania nini, anza na karatasi waliyoiridhia wenyewe kabla hawajapanda farasi.

Najua kuna atakayeinua mkono kusema kwamba askari wengi wa Kusini walikuwa maskini wasiomiliki mtumwa hata mmoja. Ni kweli kwa majeshi ya Kusini kwa jumla. Lakini mimi nakizungumzia kikosi ambacho mlango wake ulikuwa farasi, na ambacho makanali wake watatu wa kwanza walikaa katika mkutano ulioandika maneno niliyoyataja. Hata kijana asiye na mtumwa aliyejiunga nacho alipigania jimbo ambalo, kwa sensa ya 1860, lilikuwa na watumwa zaidi ya 182,000 kati ya watu 604,000 hivi. Mwingine ataniuliza haya yanatuhusu nini sisi wa pwani ya Afrika Mashariki. Merikani waliyovaa babu zetu, ile ambayo wafanyabiashara wa Salem, bandari ya Massachusetts, waliishusha Unguja kwa marobota, ilifumwa katika viwanda vya Massachusetts kwa pamba iliyochumwa na watumwa wa Kusini, na vita hivi vilipoanza biashara hiyo ikaanguka. Kwa hiyo yanatuhusu.

Turudi kwenye kikosi. Walitamani kwenda Virginia, lakini Jenerali Albert Sidney Johnston akawaita Kentucky. Waliacha farasi Texas, wakavuka mabwawa ya Louisiana kwa shida kubwa hadi New Orleans, wakapanda treni hadi Nashville, ndipo wakapatiwa farasi wengine. Kambini karibu na Bowling Green, kabla risasi haijalia, surua na homa ya mapafu viliwaua wengi wao. Vijana waliokulia katika mashamba yaliyotengana sana, ambao hawakuwahi kuugua surua utotoni, walikutana nayo wote kwa pamoja katika baridi ya Kentucky.

Pigano lao la kwanza lilikuwa Woodsonville, kando ya mto Green, tarehe 17 Desemba 1861. Naomba mniruhusu nikae hapa kidogo. Mbele yao walikuwepo askari wa miguu wa Kikosi cha 32 cha Indiana, karibu wote wahamiaji wa Kijerumani, walioamrishwa kwa Kijerumani na kufundishwa vita kwa mtindo wa Ulaya. Terry aliwashambulia kwa kasi. Wajerumani wakajikusanya bega kwa bega, singe zikitazama nje, wakangoja farasi wafike karibu kabisa ndipo wakafyatua. Terry akauawa papo hapo, katika pigano la kwanza kabisa la kikosi chake. Wiki chache baadaye askari mmoja wa kikosi kile cha Indiana, August Bloedner, alichonga jiwe la kaburi kwa ajili ya wenzake waliokufa siku hiyo, akaandika majina yao na maneno ya Kijerumani juu yake. Jiwe hilo ndilo mnara wa kumbukumbu wa vita hivi wa kale kuliko yote iliyosalia, nalo lilihamishiwa Louisville. Upande wa pili, Texas ilimpa Terry wilaya nzima yenye jina lake, Lubbock akapewa wilaya ambayo leo mji wake unajulikana kote Marekani, na mwaka 1907 kikosi chote kikasimamishiwa sanamu ya shaba ya mpanda farasi, kazi ya Pompeo Coppini, mbele ya bunge la jimbo huko Austin. Waliokata miwa ya Oakland hawakuchongewa jiwe. Katika mji uleule wa Sugar Land, mwaka 2018, mafundi waliokuwa wakijenga shule walifukua mabaki ya watu 95, wafungwa weusi waliokodishwa kwa wenye mashamba ya miwa baada ya utumwa kufutwa. Ninapotaja majina ya Woodsonville, ninaona ni wajibu kuitaja na idadi hiyo.

Lubbock aliugua na kufa Januari 1862, na Wharton akachaguliwa kanali. Chini yake kikosi kilipata sifa yake ya kweli, na mimi siipunguzi. Askari hawa walidharau kitara. Walisogea hadi hatua chache kutoka kwa adui, wakamwaga marisawa ya mitutu yote miwili, kisha wakaingia kati kwa bastola. Tarehe 8 Aprili 1862, siku moja baada ya pigano la Shiloh kumalizika, walifanya hivyo mahali paitwapo Fallen Timbers wakiwa na Nathan Bedford Forrest, kamanda wa Kusini aliyekuwa mfanyabiashara wa watumwa wa Memphis, na kuwasimamisha askari wa Jenerali Sherman wa Kaskazini waliokuwa wakifuatilia jeshi la Kusini lililoshindwa. Tarehe 13 Julai mwaka huo walikuwa tena na Forrest alipoishambulia Murfreesboro alfajiri na kuiteka ngome nzima pamoja na jenerali wake, Thomas Crittenden. Wakaja Perryville, Stones River na Chickamauga, mapigano ambayo kila moja lingehitaji jioni yake, nami jioni hii sina nafasi nayo.

Ninalotaka mlione ni jinsi sharti la farasi lilivyoanza kuwala wenyewe. Mwaka 1861 lilikuwa faida, kwa kuwa serikali isiyo na fedha ilipata farasi wazuri bila kuwanunua. Kufikia 1863 farasi wa kwanza walikuwa wamekufa. Askari wa Georgia aliyepoteza farasi aliweza kupewa ruhusa akaenda nyumbani kuleta mwingine. Askari wa Texas nyumbani kwake kulikuwa zaidi ya kilomita 1,000, ng'ambo ya mto Mississippi, na Vicksburg, ngome ya Kusini kando ya mto huo, ilipoanguka tarehe 4 Julai 1863 mto huo ukawa mikononi mwa Kaskazini. Njia zilizomsalia zilikuwa kumnyang'anya adui, kununua kwa noti zilizokwisha kushuka thamani, au kumchukua wa mkulima wa Alabama au Georgia aliyekuwa upande wake. Mnamo 1864, walipokuwa chini ya Jenerali Joseph Wheeler wakimwandama Sherman ndani ya Georgia, raia wa Kusini wenyewe walililalamikia jeshi la Wheeler kwa uporaji. Kuna wanaosema kwamba huo ulikuwa utovu wa nidhamu wa watu wachache. Mimi nasema ukimweka mtu vitani ukamwambia kwamba bila farasi yeye si mpanda farasi tena, na farasi humpi, umekwisha kumtuma akapore.

Siwezi kuiacha Georgia bila kutaja mto Ebenezer. Tarehe 9 Desemba 1864 jenerali wa Kaskazini, Jefferson C. Davis (si yule rais wa Kusini, Jefferson Davis), alivusha askari wake juu ya daraja la kuelea, kisha akaamuru daraja liondolewe kabla ya mamia ya watumwa waliokimbia mashamba na kulifuata jeshi lake hawajavuka. Nyuma yao walikuwa wanakuja wapanda farasi wa Wheeler. Watu wakajitosa majini na wengi wakazama, na waliobaki ukingoni walikamatwa na kurudishwa utumwani. Lawama ya Davis ni kubwa na haifutiki. Lakini swali la kwa nini akina mama wenye watoto waliona afadhali mto wa Desemba kuliko wapanda farasi waliokuwa wakija linawahusu wale waliopanda.

Muda wangu umekwisha, nami nimewaruka watu wawili niliotaka kuwazungumzia kwa urefu. Wa kwanza ni Willie Hardee, kijana wa miaka 16, mwana wa Jenerali William Hardee, aliyeruhusiwa kujiunga na kikosi hiki huko Bentonville, North Carolina, na saa chache baadaye, tarehe 21 Machi 1865, akajeruhiwa vibaya katika shambulio lao la mwisho kubwa, akafa baada ya siku kadhaa. Wa pili ni Wharton, aliyefikia cheo cha meja jenerali, akauawa Houston tarehe 6 Aprili 1865, hali hana silaha, na kanali wa upande wake mwenyewe katika ugomvi.

Ila jambo moja siwezi kuliruka. Jenerali Lee wa Kusini alipojisalimisha Appomattox tarehe 9 Aprili 1865, alimweleza Jenerali Grant wa Kaskazini kwamba katika jeshi lake farasi ni mali ya askari. Grant akakubali kila mwenye farasi au nyumbu aende naye nyumbani akalime. Jeshi la Jenerali Joseph E. Johnston (si yule Albert Sidney niliyemtaja mwanzoni), ambalo Kikosi cha 8 cha Texas kilikuwa sehemu yake, lilijisalimisha tarehe 26 Aprili, nalo likaruhusiwa kuondoka na farasi binafsi. Sehemu kubwa ya askari hawa wa Texas hata hawakungoja kutia saini, walikwisha kushika njia ya nyumbani. Tarehe 19 Juni, huko Galveston, Jenerali Gordon Granger alitoa amri namba 3 iliyowatangazia watumwa wa Texas kwamba wako huru. Amri hiyohiyo iliwashauri wabaki kwa utulivu katika makazi yao na kufanya kazi kwa ujira, ikaonya kwamba hawataruhusiwa kujikusanya kwenye vituo vya jeshi wala kusaidiwa wakikaa bila kazi. Aliyepigana miaka minne dhidi ya Muungano alirudi shambani na farasi wake, na aliyelilima shamba hilo maisha yake yote hakupewa jembe wala nyumbu.