Msiniambie wangapi, niambieni nani

(Mhadhara uliotolewa mjini Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda)

Wazee wangu, mama zetu, vijana wa chuo, hamjambo. Wengi wenu mmeshanisikia nikilisema jambo hili: waliouawa na mabomu ya ndege tuwaandike kwa majina, si kwa idadi. Nalisema tena, kwa sababu tangu nianze kulisema nimehudhuria matanga mengi, na kila mzee tunayemzika anaondoka na majina ambayo hakuna aliyewahi kumuuliza.

Miaka mingi iliyopita nilikuwa Adjumani, nikizunguka makazi ya wakimbizi na daftari. Nilikuwa nimechora safu zangu: kijiji, mwaka, idadi ya waliokufa. Nikafika kwa mama mmoja aliyetoka ng'ambo ya mpaka, nchi ambayo leo ni Sudan Kusini. Antonov ilipita juu ya kijiji chao mapema asubuhi, watu wengine hawajaamka. Mnaoijua ndege hiyo hamhitaji kuelezwa. Ni ndege ya mizigo, inaruka juu sana, na mabomu yalikuwa yakisukumwa kwa mlango wa nyuma. Shabaha gani hiyo?

Nikamuuliza, "Mama, nyumbani kwako walikufa wangapi?"

Akanitazama, asijibu. Akaokota kijiti, akachora duara kubwa mavumbini, akaacha pengo dogo. "Hapa mlango." Akaweka alama. "Hapa alilala mama mkwe, karibu na moto kwa ajili ya kifua chake. Hapa mwanangu wa kwanza na wa pili, mkeka mmoja, kila usiku wanagombania upande wa ukutani. Hapa mgeni. Alikuja kuuza chumvi, usiku ukamkuta kwetu."

Muuza chumvi yule ndiye anayeninyima usingizi mpaka leo. Ukienda kijijini kwao kuhesabu waliouawa na mabomu, hayumo, maana hakufia huko. Ukienda kijiji alichofia, hayumo, maana si mtu wa huko. Yumo katika duara la mama yule tu, na upepo wa Adjumani mnaujua. Nikafunga daftari langu la safu. Nikamwomba aanze upya, nami nikachora kila alama kama alivyoichora. Hata wakati ule aliendelea kunisahihisha: "Mkeka wa watoto umeuweka mbali mno na ukuta."

Tangu siku hiyo siulizi idadi. Namuuliza mtu anichoree nyumba.

Sasa yupo atakayesema, "Mwalimu, vita ni vita, bomu halichagui." Nimechoka kulisikia hilo. Bomu halichagui, sawa, ila kuna aliyechagua kulibeba mpaka juu ya kijiji. Itifaki ya 1977 ya Mikataba ya Geneva, yaani sheria za kimataifa za vita, inakataza waziwazi mashambulizi yasiyobagua kati ya askari na raia. Lakini sitakaa kwenye sheria.

Mwingine anasema nafukua makaburi. Makaburi yapi? Waliobaki walivuka mpaka na watoto mgongoni. Wapo waliowaacha watu wao chini ya majani na mawe, bila matanga, bila mtu wa kunyolewa nywele wala wa kuosha maiti. Wafu hao hawajazikwa bado, ndugu yangu, nitafukua nini?

Tazameni Hiroshima. Ndani ya mnara wa kumbukumbu pale kuna kasha la mawe, na ndani yake daftari za majina. Kila tarehe 6 Agosti wanaongeza waliofariki tangu mwaka uliopita, manusura wa bomu la atomiki waliokuwa bado hai. Ni zaidi ya majina laki tatu, na bado wanaandika. Dunia nzima inaijua Guernica, mji wa Hispania uliopigwa mabomu na ndege Aprili 1937, kwa ajili ya mchoro wa Picasso. Dessie, Ethiopia, ilipigwa na ndege za Italia Desemba 1935, zaidi ya mwaka mmoja kabla. Ni nani hapa ameiona Dessie ukutani mwa shule?

Na mwishoni mwa Machi 1979, ndege ya Libya iliyotumwa kumsaidia Idi Amin, rais wetu wakati ule, katika vita na Tanzania, ilikwenda kupiga Mwanza. Mabomu yakaangukia hifadhi ya Saanane, swala wakafa. Hilo limo vitabuni. Sioni ubaya swala kuandikwa. Nataka muuza chumvi naye aandikwe.

Msinyanyue mikono bado, najua swali linalokuja. Ndiyo, na sisi tulipiga. Mwaka 1972 ndege za Uganda zilipiga Bukoba na Mwanza, raia wakafa. Mwaka 1978 zilirudi Kagera. Nyumba zile nazo zichorwe, na kama mwenye kijiti yuko Mwanza, tumfuate Mwanza. Ndiyo maana nasema nanyi Kiswahili leo. Wapo humu ambao Kiswahili kwao ni sauti ya askari kwenye kizuizi usiku, na siwalaumu hata kidogo. Lakini nikiandika kwa Kialur au Kimadi, yule wa Bukoba hatasoma, na jirani yetu wa Kongo pengine hatasoma. Lugha iliyotutisha tuitumie kuwaita watu wetu kwa majina.

Nilitaka kufika Goli na Paidha, huku kwetu Uganda, zilizopigwa na ndege kutoka Kongo Februari 1965, halafu Moyo, iliyopigwa na ndege za Sudan mwaka 1989. Mwenyekiti ananionyesha saa. Nitasema hili tu: mtoto wa 1965 leo ni mtu wa miaka sitini na zaidi, na aliyekuwa mtu mzima siku ile anahesabika kwa vidole. Mwaka ujao ni mbali.

Karatasi ziko mezani, ni za bure. Anzeni na mlango.

Mzee wangu pale mbele, nimekuona tangu mwanzo umeshika fimbo yako ukichora sakafuni. Njoo ubaoni, baba. Chaki hii hapa.