Majukumu Kaunti, Mfuko Nairobi

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kuja.

Ukiuliza Katiba ya Kenya ya 2010 imegawaje madaraka, utaelekezwa kwenye Jedwali la Nne. Serikali ya kitaifa ina ulinzi, polisi, vyuo vikuu, barabara kuu, sera ya afya na hospitali za rufaa za kitaifa. Kaunti 47 zina zahanati na hospitali zake, kilimo, chekechea, masoko na barabara za kaunti. Jukumu ambalo kaunti hazikupewa, Ibara ya 186 inaliacha kwa serikali ya kitaifa. Marekani ni kinyume: marekebisho ya 10 ya katiba yao, ya 1791, yanayaachia majimbo au wananchi yote ambayo serikali ya kitaifa haikukabidhiwa.

Naomba leo tuliache Jedwali, twende kwenye fedha. Huko ndiko ugatuzi, yaani kuzigawia kaunti madaraka, unakofia au kupona.

Na umewahi kutufia. Katiba ya uhuru ya 1963 ilikuwa ya majimbo yenye madaraka yake; Ronald Ngala na chama chake cha KADU waliipigania kufa na kupona. Serikali ya chama tawala cha KANU iliyabana majimbo kwa kuyanyima fedha. Novemba 1964 KADU ikavunjwa, na Desemba 12 tukawa jamhuri yenye mamlaka yote Nairobi.

Waliotunga ya 2010 walilikumbuka hilo. Ibara ya 203 inazihakikishia kaunti angalau asilimia 15 ya mapato yanayokusanywa na serikali ya kitaifa. Ibara ya 219 inataka fedha hizo zifike bila kukatwa na bila kucheleweshwa ovyo.

Sasa mtazame muuguzi wa zahanati ya kijijini. Mwajiri wake ni kaunti. Kodi ya mapato inayokatwa kwenye mshahara wake inakwenda Nairobi; ushuru wa muda wa maongezi anaonunua, Nairobi vilevile. Kaunti imeachiwa kodi ya ardhi na majengo, kodi ya burudani na ada za huduma. Je, kaunti ya wafugaji, ambako ardhi ni ya jamii, itakusanya kiasi gani? Mgao ukichelewa, muuguzi huyu hukaa bila mshahara na dawa huisha rafuni, na wagonjwa wanamlaumu gavana.

Mwaka 2024 mlijionea. Mswada wa Fedha, uliokuwa na kodi mpya, ulipoondolewa baada ya maandamano ya Juni, mgao wa kaunti, uliokuwa umepitishwa kuwa shilingi bilioni 400, ulishushwa hadi bilioni 387.4. Kaunti zilikuwa zimeshapanga bajeti.

Tutaambiwa kaunti hupata zaidi ya asilimia 15. Ni kweli, lakini asilimia 15 ya nini? Katiba inasema ya hesabu za karibuni zaidi zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge la Kitaifa. Bunge likizembea kuziidhinisha, kipimo kinabaki cha miaka ya nyuma, mapato yalipokuwa madogo. Mlango huo mdogo unaniuma kuliko mabishano yote ya Jedwali la Nne.

Dawa yake imo humo humo katika Katiba. Ibara ya 229 inampa Mkaguzi Mkuu wa hesabu za serikali miezi sita baada ya mwaka wa fedha kuisha azikague, kisha inalipa Bunge miezi mitatu kuijadili ripoti yake na kuchukua hatua. Jumla ni miezi tisa. Mbunge wenu akija kuwasalimu, mwulizeni hesabu za mwaka gani ndizo za mwisho walizoidhinisha.