Wiki Mbili Baada ya Geti

ZUHURA: Karibuni tena. Leo tunamzungumzia mtu aliyetoka gerezani asubuhi, mkononi ana mfuko wa nguo, na kabla ya kifungo alikuwa akitumia unga, yaani heroini. Kaka Idi, umefanya kazi ya uelimishaji rika Temeke. Tuanzie wapi?

IDI: Tuanzie getini, dada. Familia nyingi zikisikia mtoto ametoka, zinashusha pumzi. Wanasema jela imemsafisha. Kumbe wiki mbili za mwanzo ndizo za kuogopa.

ZUHURA: Ila si amekaa miezi hajagusa?

IDI: Ndiyo hapo penyewe. Mwili umeshasahau. Akifika maskani anajiona ni yule wa zamani, anajidunga kipimo cha zamani, pumzi inakata. Marekani, jimbo la Washington, watafiti waliwafuatilia watu zaidi ya 30,000 waliotoka jela kuanzia 1999 hadi 2003. Katika wiki hizo mbili, hatari yao ya kufa kwa kuzidisha dawa ilikuwa mara 129 ya watu wengine.

ZUHURA: Subhanallah.

IDI: Kwa hiyo nikiulizwa apelekwe wapi kwanza, nasema kliniki ya methadoni, ile dawa ya kunywa inayotolewa badala ya heroini, siku hiyo hiyo. Muhimbili walianza kutoa Februari 2011, wakafuata Mwananyamala na Temeke, na sasa zipo mikoani pia. Shangazi na majirani watasalimiwa kesho.

ZUHURA: Sasa nikuulize kuhusu kazi, maana hapa pana jambo linaniuma. Mdogo wangu alitoka na ufundi wa useremala, kajifunza humo humo ndani. Akapata karakana. Lakini methadoni inanywewa kila siku, mbele ya nesi, na foleni ya asubuhi unaijua.

IDI: Naijua sana. Na dozi inamshika mtu siku moja tu, hawezi kusema ataenda Jumamosi.

ZUHURA: Basi kila siku anafika saa tatu, wenzake wameanza saa moja. Tajiri akamwambia mtu wa ruhusa kila siku hamtaki. Naye hakusema anatoka wapi, aliogopa kuitwa teja. Akaanza kuruka dozi ili asifukuzwe. Haikupita wiki, arosto, yale mateso ya mwili kukosa dawa, ikamkamata, mifupa inauma, hajalala. Akarudi kwenye unga.

IDI: Pole, dada. Nimewaona wengi wakiangukia hapo hapo. Tunamwambia atafute kazi, na kazi yenyewe inamtoa kwenye dawa.

ZUHURA: Aliporudi kliniki, mama akaenda mwenyewe kwa fundi mwingine, mzee wa mtaani kwetu, akamweleza kila kitu. Mzee akauliza tu, "Anamaliza dawa saa ngapi?" Akaambiwa saa tatu. Akasema aje saa nne, afidie jioni.

IDI: Ona hilo swali. Mwajiri anayelijua jibu lake hawezi kumfukuza mtu kwa kuchelewa. Na wasikilizaji, wagonjwa waliotulia wapo wanaopewa dozi za kwenda nazo nyumbani. Ulizeni kliniki.

ZUHURA: Kuna lingine?

IDI: Kifua kikuu. Vyumba vya gerezani vinajaa watu, wengi wanatoka wanakohoa. Wakianzishiwa rifampisini, dawa ya kifua kikuu, ini linaiondoa methadoni mwilini haraka, na arosto inarudi ingawa hajakosa dozi hata moja. Nyumbani wanamwona anatetemeka, wanasema kaanza tena. Jamani, msimtukane, mrudisheni kliniki wamwongezee dozi. Nimeshamshika mkono mtu analia kwa kusingiziwa hivyo.

ZUHURA: Na ile pesa ya kwanza? Mimi niliiogopa kuliko kitu chochote.

IDI: Una haki ya kuogopa. Mtu ambaye kwa miaka noti yoyote aliyoshika iligeuka kete, ukimpa mshahara wa wiki nzima mkononi, peke yake, Ijumaa jioni, umempa mtihani mzito.

ZUHURA: Yeye mwenyewe ndiye aliyemwomba fundi ampe mama. Hatukumfundisha. Walikaa chini jioni hiyo wakahesabu: nauli ya kliniki ya wiki nzima ikatengwa kwanza, kisha unga wa sembe, kisha akaomba iliyobaki anunuliwe randa yake, asiwe wa kuazima.

IDI: Bado anayo?

ZUHURA: Anayo. Na kliniki bado anakwenda, mwaka wa tatu huu.