Kelele Ndani ya Bomba: Mhadhara Kuhusu Kusafisha Mwangwi wa Ultrasoniki (Nakuru)

Haya jamani tuanze, wale wako nyuma sogeeni, viti viko hapa mbele. Leo tunaongea mabomba, na simaanishi ya maji ya kwa nyumba, namaanisha yale makubwa ya mvuke kule Olkaria yanayopanda na kushuka mabonde, na ile laini ya mafuta inayopita hapa Nakuru ikienda Eldoret na Kisumu. Yote ni chuma, na kutu ya chuma hujificha, iko chini ya insulesheni ama chini ya udongo, na hakuna bosi atakubali ufungue kilomita nzima ndio uangalie.

Kazi inafanywa hivi. Unafungua mahali padogo tu, unavisha bomba pete yenye sensa mzunguko wote, unaijaza upepo ibane, halafu unatuma wimbi la ultrasoniki, yaani sauti ya juu sana sikio haliisikii, la kati ya kilohezi 20 na 100 hivi. Wimbi linaongozwa na ukuta wa bomba lenyewe, linaenda makumi ya mita kila upande, likikuta weldingi ama flanji, ile ringi ya boliti inayounga mabomba, ama kutu linarudisha mwangwi. Tunalolipenda sana ni lile la kusokota, linalosokota ukuta wa bomba kama unakamua nguo, kwa sababu linakimbia karibu mita 3,260 kwa sekunde kwenye chuma, frikwensi zote spidi moja, halibadiliki umbo njiani na maji ya ndani hayalisumbui sana. Kitu kikiwa mita 20 mbali mwangwi wake unarudi baada ya milisekunde 12 hivi. Hesabu yenyewe si ya juzi, mwanahesabu Mwingereza Horace Lamb aliandika kuhusu mawimbi ya kwenye bamba mwaka 1917, na mtafiti mwingine, Gazis, akaleta ya mabomba mwaka 1959.

Sasa kelele, yaani chochote kwenye skrini ambacho si mwangwi unaoutafuta. Ziko mbili na watu huzichanganya kila siku. Ya kwanza ni ya ovyo, umeme wa mashine, vali, mvuke unaopita. Hiyo haina mpango, saa hii iko juu saa ile iko chini, kwa hivyo ukirudia kipimo na kuchukua wastani inajimaliza yenyewe. Rudia mara 100 inapungua mara 10, ukitaka ipungue mara 20 ni urudie mara 400, ndio maana inafika mahali kuongeza hakulipi tena.

Ya pili ndio korofi, maana inazaliwa na wimbi lako mwenyewe. Sensa moja ikibana na jirani yake ikilegea, hautumi wimbi la kusokota peke yake, unatuma pia mawimbi ya kupinda bomba, na hayo kila frikwensi ina spidi yake, yanatawanyika njiani yanajaza skrini yote. Ongeza mwangwi wa upande wa nyuma wa pete, maana unasoma upande mmoja kwa wakati, na ule wa nyuma safu za sensa zilifaa ziufute lakini haukufutika wote. Hii kelele inarudi vile vile kila ukipima! Ukichukua wastani wa mara 1,000 utapata tu picha safi sana ya uchafu, mnacheka lakini mmeona watu wakingoja mashine imalize hiyo hesabu.

Kuna kijana ameuliza si tuweke filta tu. Filta ya kawaida haisaidii hapa, kwa sababu kelele inakaa kwenye frikwensi zile zile za wimbi lako.

Kinachosaidia ni kugawanya spektra, yaani kuzikata frikwensi za signali vipande vipande, mbinu ya miaka ya 1980 ya wale waliokuwa wanapima chuma chenye chembe kubwa kubwa, na baadaye ikaletwa kwa mabomba. Programu inapitisha signali moja kwa filta nyingi nyembamba zinazopishana, kila filta inakupa toleo lake. Fikiria mzee wa kijiji na kesi ya mbuzi, anaita mashahidi mmoja mmoja, wakikubaliana wote anaamini, mmoja akigeuza maneno anaitupa. Mwangwi wa kusokota unafika wakati mmoja kwenye matoleo yote. Yale mawimbi ya kupinda yanafika kwa kutofautiana, huku chanya kule hasi, na sheria ni kwamba alama zikigongana hapo panawekwa sifuri. Sheria nyingine inachukua thamani ndogo kuliko zote kati ya hayo matoleo. Skrini inasafishika mpaka unashangaa.

Na hapo ndio mimi huanza kuwa na wasiwasi. Chukua kilohezi 40, urefu wa wimbi ni kama sentimita 8. Kutu ya urefu wa sentimita 4 ina ukingo wa mbele na wa nyuma, mwangwi wa hizo kingo mbili unarudi ukipingana, karibu unauana kabisa. Sasa ile filta ya karibu na 40 itasema hakuna kitu, na sheria ya thamani ndogo kuliko zote itamsikiliza huyo huyo, kutu ya kweli imefutwa na programu. Ukitumia filta nyembamba sana pia mwangwi unarefuka, vitu viwili vilivyo karibu vinakuwa kimoja.

Kwa hivyo, kwanza kaza pete vizuri, kelele nyingi unaimaliza hapo kabla ya kuwasha laptopu. Pili, hifadhi data mbichi. Pima kwa frikwensi kadhaa, weka mbichi na iliyosafishwa kando kwa kando, na kitu kikionekana kwa mbichi kwenye frikwensi mbili tatu halafu kinapotea kwa safi, mimi hapo huweka alama ya chaki na naomba insulesheni ifunguliwe.