Piga Hodi Kabla ya Kuzima Injini

Mhadhara uliotolewa Lindi mjini mbele ya madereva wa masafa, matingo, walinzi na wenye maduka ya kando ya barabara

Assalaam alaykum. Tumsifu Yesu Kristo. Shikamooni wazee wangu, na vijana wangu hamjambo.

Nashukuru kwa kuitwa. Barabara hii ya kusini nimeiendesha miaka ishirini na kitu, na kabla ya hapo nilikuwa utingo. Leo nina duka Nangurukuru, pale njia panda ya Kilwa, na mbele ya duka nina uwanja. Nimelala kwenye viwanja vya watu, na watu wanalala kwenye uwanja wangu. Ndiyo maana nimekubali kusimama hapa kuzungumzia kulaza gari usiku mbele ya duka la mtu.

Wakubwa humu mnaikumbuka Ndundu. Kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, ukitoka Dar kuja huku unafika Rufiji unakuta pantoni. Pantoni ikiharibika au mto ukijaa, unalala foleni. Siku moja, siku tatu, masika ndiyo usiseme. Tulipika pale, tulifua pale, tulijisaidia vichakani. Hatukumwomba mtu ruhusa kwa sababu hatukuona wa kumwomba, ingawa wenyeji walikuwepo na mashamba yalikuwa yao. Kisha daraja likaja, lami nayo ikaja kipande kwa kipande, Ndundu hadi Somanga ikatusumbua mpaka mwisho. Foleni ikaisha.

Lakini mwili wa dereva ni ule ule. Dar mpaka Mtwara ni kilomita 560 hivi, na kuna anayeendelea mpaka Masasi, Mangaka, Tunduru. Usingizi lazima ukukute mahali. Zamani ulitukuta porini, siku hizi unatukuta mbele ya duka lenye taa na pavingi. Na sisi tumezibeba tabia za Ndundu tukaja kuzishusha kwenye pavingi ya mtu. Tatizo naliona hapo, na yote nitakayosema yanatokana na hapo.

Kwetu huku mtu haingii uani kwa mwenzake bila hodi. Hata mlango ukiwa wazi, hata ukiwaona watu wamekaa, unasimama nje. Unapiga hodi mara tatu, usipoitikiwa unarudi ulikotoka. Haya tumelelewa nayo. Sasa uwanja wa duka hauna mlango, basi tunajiona tuko njiani. Hapana. Ukishaingiza matairi ishirini na mawili umeingia kwa mtu, na hodi hukupiga.

Kuna kijana ataniambia, mzee, ile mbele ya duka si yake, ni hifadhi ya barabara. Ni kweli, mara nyingi. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 imeipa barabara kuu mita 30 kila upande kutoka katikati, na maduka mengi ya huku viwanja vyao vimeingia humo. Lakini hifadhi ya barabara si yako wewe pia. Anayeufagia uwanja ule kila asubuhi unamjua, aliyeweka taa unamjua, anayemlipa mlinzi unamjua. Huyo ndiye wa kupigiwa hodi.

Hodi hiyo inapigwa kwa nani? Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu hapa ndipo tunapoumiza watu.

Unafika saa tano usiku, duka limefungwa, yuko mlinzi na tochi yake na rungu. Unashuka, unamsalimia, unampa elfu tano mkononi, unasema, "Baba, tunajilaza hapa kidogo." Baba yule mshahara wake mnaujua. Anapokea. Umelala, umeamka, umeondoka, roho yako safi kwamba uliomba na ulilipa.

Masasi, msimu wa korosho, nililala namna hiyo. Mnajua msimu ule: tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze mwaka 2007, yaani korosho zinakusanywa ghalani kwanza ndipo ziuzwe, magari yanakuja kushusha ghalani kwa mkupuo, foleni inatoka nje ya geti la ghala, inafika kwenye maduka. Nikampa mlinzi wa duka moja hela, nikalala. Niliporudi wiki ya pili nikamkuta mlinzi mwingine. Nikauliza yule mzee yuko wapi, nikaambiwa amefukuzwa, alikuwa anakodisha uwanja wa tajiri usiku. Aliyekodi nilikuwa mimi. Nilimtafuta mpaka kwake, nikamkuta anamenya mihogo mlangoni, nikamwomba radhi. Akanipokea vizuri, akanipa na kigoda. Kazi hakurudishiwa.

Mlinzi hana ruhusa ya kutoa. Ukimwomba yeye unamwomba akuazime kitu kisicho chake, na atakayedaiwa ni yeye. Mwombe namba ya mwenye duka. Piga. Kama umechelewa mno kupiga, ulipaswa kupiga saa moja jioni ulipokuwa Somanga unakunywa chai, kwa sababu dereva wa njia hii anajua fika usingizi utamkuta wapi. Weka namba za watu wako kwenye simu kama unavyoweka za mafundi. Na ukiruhusiwa, mpe mlinzi jina lako, namba ya gari na namba ya simu aziandike. Gesti tunaandika kwenye daftari la wageni, jina, tunakotoka, tunakokwenda, na hatununi. Uwanjani vilevile. Likitokea la kutokea usiku, mlinzi awe na cha kumwonyesha mwenyekiti wa kijiji. Halafu ndiyo umpe hiyo elfu tano, mbele ya macho ya mwenye duka, iwe shukrani.

Niseme la oili.

Nikiwa bado utingo tulifika Nyangao saa saba usiku, tuna sukari na sabuni za Masasi. Tukakuta duka lina sakafu pana ya saruji mbele, safi. Dereva wangu akasema hapa pazuri, tukazima. Gia boksi yetu ilikuwa inavuja na tulijua. Alfajiri nikaamshwa na sauti ya ufagio wa chelewa. Mama mmoja, khanga kaifunga kiunoni, anafagia kuyazunguka matairi yetu. Pembeni ameshusha magunia mawili. Sakafu ile ilikuwa pa kuanikia korosho zake. Dereva akawasha, akasogea, na pale tulipotoka likaonekana doa pana kama ungo, jeusi, linang'aa.

Mama hakugomba. Alichota mchanga akamwaga juu yake, akasugua kwa kisigino, mchanga ukawa mweusi, akachota mwingine. Sisi tukaondoka tukimwacha anasugua.

Mwaka uliofuata nilipita mchana nikashuka. Korosho zilikuwa zimeanikwa, na katikati kuna duara tupu. Hakuweka hata moja pale. Kila mtu huku anajua korosho iliyoingia harufu haipati daraja la kwanza. Nikamwambia, mama, ni sisi. Akanitazama akasema, "Mwanangu, mngegonga tu ningewaonyesha kule nyuma kwenye mchanga." Maneno hayo ninayo mpaka leo. Nafasi ilikuwepo. Mchanga ulikuwepo. Tulichokosa ni kugonga.

Kwa hiyo, gari linalovuja liweke kwenye udongo, au tandika boksi chini na mchanga juu, asubuhi uondoke nalo. Jeki usiiweke juu ya pavingi bila ubao chini, zile tofali zinazama na hazirudi. Na chupa. Vijana wangu, ile chupa ya plastiki mnayoitupa usiku chini ya ukuta, anayeiokota ni mtoto au mama mfagiaji. Uliza choo kiko wapi. Kama hakuna choo, hapo si mahali pa kulala.

Jiko la mkaa chini ya tela, karibu na tenki la dizeli, nimeliona kwa macho yangu na sitaki kuliona tena. Mama wa uji yupo kuanzia saa kumi na moja. Kula kwake. Na nunua kitu dukani likifunguliwa, hata kiberiti, ila usidhani umelipia uwanja.

Kuna jambo la upepo, ambalo wenye maduka hawalijui lakini madereva tunalijua. Gari lenye bomba zinazovuja upepo, ukilizima usiku, mpaka alfajiri mitungi ya upepo unaoachia breki imekauka na breki zimeshika. Ili lisogee lazima uwashe, upige resi dakika kumi na tano, ishirini, mpaka geji ipande. Na saa yenyewe ni ile mwadhini anaadhini, watoto wamelala, mgonjwa ndiyo kwanza kapata usingizi. Mwenye nyumba anadhani una kiburi, kumbe una bomba bovu. Rekebisha bomba Dar kabla hujapakia. Gari zima linaamka dakika mbili na kuondoka.

Na kabla ya kuondoka inama umulike chini. Joto la huku matingo wanalala chini ya tela, na si lazima awe utingo wako.

Tulaze gari kichwa kikitazama njia, pembeni kabisa, mbali na mlango wa kushushia mizigo, lisizibe njia ya watu kwenda kisimani au msikitini. Saa kumi na mbili uwe umeondoka. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, hilo ni la nyumbani. Uwanja wa biashara ni usiku mmoja.

Msidhani haya ni yetu peke yetu. Marekani kuna watu wanasafiri na magari yenye vitanda, jiko na choo ndani, na maduka makubwa ya Walmart yamezoea kuwaruhusu wengi wao kulala uwanjani. Lakini ruhusa anatoa meneja wa duka husika, kwa kuangalia nafasi aliyonayo na sheria za mji wake, kwa hiyo duka hili watakubali na la mji wa pili watakataa. Wasafiri wenyewe wamewekeana adabu: uliza kwanza, kaa pembeni, usiku mmoja, usitoe viti nje, usikunjue turubai la kivuli, usichome nyama, maji machafu usimwage. Wanasema umekuja kuegesha, hukuja kupiga kambi. Na kule pia, mahali wachache walipoacha takataka, wengi waliofuata wamekuta kibao cha kukatazwa. Adabu yao na ya mama wa Nyangao ni moja.

Sasa wenzangu wenye maduka, nisiwaache. Tuna haki ya kukataa. Lakini tukatae mapema na tukatae kwa kibao kinachosomeka, si kwa kumgongea mtu kioo saa nane usiku na kumrudisha barabarani macho yamemfumba. Tangu mwaka 2023 mabasi yameruhusiwa tena kutembea usiku. Lori lenye dereva anayesinzia linakutana na basi limejaa watoto wetu. Ukimkatalia mwambie sheli ipi inapokea, iko kilomita ngapi. Ukimkubali mwonyeshe choo na umwekee mpaka.

Mei 2024, mvua za Kimbunga Hidaya zilipokata barabara kule Somanga, uwanja wangu ulijaa. Malori, mabasi, watu na mizigo. Hapo usiku mmoja nikauweka kando, maana njia yenyewe haikuwepo. Nilichokiona siku zile kilinipa moyo. Dereva mmoja wa semi, siku ya kwanza tu, alikuja kuniuliza ufagio uko wapi. Hakuniuliza maji wala umeme. Alfajiri akafagia upande wake na upande wa basi jirani. Kesho yake utingo wa basi akafagia kabla yake. Siku ya tatu walikuwa wanapokezana bila kuambiwa, na mwenye samaki kwenye jokofu la gari, alipoona barafu inakwisha, akawagawia akina mama wenye watoto kabla hazijaharibika. Barabara ilipofunguka nilitoka asubuhi nikakuta uwanja msafi kuliko ninavyouacha mimi. Ufagio walikuwa wameuegemeza pale pale walipoukuta.

Uwanja wangu unaingia semi tatu. Ya nne haiingii, nilishapima. Fuso nyuma ya duka, kwenye mchanga. Choo kipo upande wa mwembe, ndoo ya maji inakaa mlangoni. Mlinzi wangu ana daftari na kalamu, ruhusa hana, kwa hiyo msimpe mtihani. Namba yangu imeandikwa ukutani kwa rangi nyekundu. Nipigieni kabla ya saa mbili usiku, hata kama mko Kibiti bado. Naona mkono kule nyuma umenyooshwa muda mrefu. Karibu, ndugu yangu, uliza.