Townend: nyumba ya mkulima aliyejua shamba ni lake

Mabibi na mabwana, wageni wengi wanaofika Troutbeck, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, hutazama milima na ziwa Windermere. Leo nawaomba tutazame ukuta wa nyumba ya mkulima. Nyumba hiyo inaitwa Townend. Ilijengwa karibu mwaka 1626, na ukoo wa Browne ukaishi humo kwa zaidi ya miaka 300.

Tuuangalie kwanza huo mwaka. Wakulima wa huku walishika ardhi kwa mila: mtoto alirithi shamba la mzazi, nao waliwajibika kulinda mpaka dhidi ya Waskoti. Mwaka 1603 mfalme mmoja, James, akatawala nchi zote mbili. Mpaka ukapoa, na wenye ardhi wakadai kwamba haki ya kurithi nayo imekwisha. Wakulima hawakukubali. Walishtaki, na mwaka 1625 mahakama ya Star Chamber ikawapa haki yao. Hukumu haikuinua jiwe hata moja pale Townend, lakini kuta nene kiasi kile hujengwa na mtu asiyeogopa kufukuzwa.

Na kuta hizo zimejengwa kwa ustadi mkubwa. Kwa desturi ya huko, ukuta una nyuso mbili za mawe, katikati hushindiliwa kokoto na vipande vidogo, kisha mawe marefu hulazwa kukingama ili nyuso zisiachane. Nje hupakwa chokaa, kwa sababu mvua ya nchi ile haina mchezo. Paa ni la mabapa ya mawe: makubwa yako chini ukingoni, na kadiri unavyopanda ndivyo yanavyopungua ukubwa. Fundi hakutupa vipande vidogo, na uzito mkubwa ukakaa karibu na ukuta. Tazameni pia dohani zake za mviringo. Jiwe la pale ni gumu kulichonga kona kali, basi fundi akaliacha lizunguke. Naziona nzuri kuliko dohani nyingi za majumba ya mabwana.

Ndani, chumba kikuu ndicho chenye meko, na maisha yote ya familia yalikizunguka. Upande wa pili palikuwa pa kazi: kupika, kuoka, kufua.

Ng'ambo ya barabara kuna ghala lenye tarehe ya 1666, nalo huwapita wengi bila kutazamwa. Limeegemezwa kwenye mteremko. Mkokoteni uliingia moja kwa moja ghorofa ya juu kwa njia iliyoinuliwa, nafaka ikapurwa na nyasi kavu zikawekwa huko. Ng'ombe walilala chini, na chakula chao kikashushwa tu. Hakuna aliyebeba mzigo kupanda ngazi. Mkienda Troutbeck, anzeni na ghala hilo kabla ya kugonga mlango wa nyumba.